Uzi: Kikundi cha vijana waliokulia kwenye mapigano hufia njiani na kwenye pesa, kabla hakijafia kwenye mazungumzo

Mpanga_Viti

Wadau, salaam kwenu.

Uzi huu ni wa wanaoendesha vikundi vya vijana mahali ambapo vijana wenyewe wamekua wakisikia risasi au kuona nyumba zikichomwa: Bonde la Ufa, Tana, Wajir, mitaa ya Nairobi iliyowaka baada ya uchaguzi wa 2007, Kivu, Bujumbura. Naomba tuweke vitendo: hatua, idadi, na yale yanayoharibika.

Naanza na hoja yangu. Miongozo mingi inatutaka tufungue na mazungumzo ya amani siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi hupoteza watu. Kijana aliyekulia penye mapigano husoma mahali kabla hajasikiliza maneno. Nimepita kwa nani kufika hapa? Ufunguo anao nani? Mlango wa pili uko wapi? Nani kakaa nyuma yangu? Chai kapika nani, na hela zinakaa kwa nani? Asiporidhika, wiki ya pili humuoni, na sababu hakuambii.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ramani ya njia. Tafuta vijana 6 wa upande mmoja na 6 wa upande wa pili, uketi nao mbalimbali. Kila kundi lichore mtaa kwa mkono na kuweka alama tatu: njia wanazopita, njia wasizopita, na saa ambayo njia nzuri hugeuka mbaya. Wasichana wachore yao peke yao. Ramani yao karibu kila mara inatofautiana na ya kaka zao, hata wanaolala nyumba moja. Kisha ziweke karatasi moja juu ya nyingine dirishani, mwanga upite. Pale ambapo kila upande unaweza kufika bila kukatiza maskani ya wenzao, hapo ndipo pa kukutania. Mara nyingi ni shule, kingo ya soko au uwanja wa zahanati.

Kanisa au msikiti usidhani ni salama kwa sababu tu ni nyumba ya ibada. Kiambaa, karibu na Eldoret, watu walikimbilia kanisani na kanisa likachomwa tarehe 1 Januari 2008. Kuna vijana ambao mpaka leo hawaketi kwa utulivu kwenye jengo la mlango mmoja.

Ukumbi: milango miwili, yote imefunguliwa. Viti vya duara, hakuna anayeupa mlango mgongo. Funguo mbili, mmoja kila upande. Idadi ya kuanzia ni 16 hadi 20, nusu kwa nusu. Chini ya 12, marafiki watatu wakikosa kuja kikao kimekufa. Zaidi ya 25, pembe mbili za chumba zinakuwa vikundi viwili. Muda: saa nane hadi saa kumi alasiri, ili wa mbali zaidi awe nyumbani kabla ya magharibi.

Upepo_wa_Molo

Asante mkuu. Huku kwetu ukumbi wa chifu ni bure, una viti 60 na uko katikati. Mbona haumo kwenye orodha yako? Na vibali je?

Mpanga_Viti

Ndugu Upepo, ukumbi wa chifu utumie kwa kikao cha kutambulishana na wazazi, si kwa vikao vya kila wiki. Kijana aliyewahi kuzolewa kwenye msako wa polisi hatazungumza chini ya bendera ya ofisi ile ile. Na kama chifu ni wa jamii moja kati ya zinazogombana, basi umeshachagua upande hata kama yeye ni mtu mwema.

Vibali namwachia MshikaDaftari.

MshikaDaftari

Kwa Kenya. Mkutano wa hadhara au maandamano yanahitaji taarifa kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi), si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni taarifa, si ombi la huruma. Andika jina na anwani ya mwandaaji, tarehe, saa, mahali au njia mtakayopita. Nakala mbili, moja igongwe muhuri na urudi nayo. Kikao cha wanachama ndani ya ukumbi ni jambo jingine, ila mjulishe chifu na wazee wa Nyumba Kumi kwa mdomo. Kinachowaponza watu ni jirani kuona vijana 20 wa jamii mbili wakiingia jengo moja bila yeye kujua kuna nini.

Usajili wa kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022 unataka wanachama angalau 10, katiba yenu, kumbukumbu za kikao cha kuanzisha na orodha ya viongozi. Kosa la kawaida: mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote wa jamii moja kwa sababu ndio wenye vitambulisho mkononi siku ile. Subirini wiki mbili wengine wapate vitambulisho. Fomu inaweza kungoja.

Na orodha ya mahudhurio: USIWEKE safu ya kabila, hata mfadhili akiitaka. Rwanda ya 1994 kitambulisho chenye kabila kilitosha kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Andika jina analotaka kuitwa na mtaa, basi. Mfadhili akitaka uwiano, mpe namba ya jumla.

Kisima_cha_Kaskazini

Naunga mkono hoja ya mahali kabla ya maneno, na nitaje Wajir kwa sababu ni mfano unaorudiwa sana huku kiini chake kikiachwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukame ulikuwa umemaliza mifugo, na koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zikawa zinapigana. Kovu la mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, yaliyofanywa na vikosi vya serikali, lilikuwa bado bichi. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, hawakuanza na mkutano wa amani. Walianza na soko. Lengo lilikuwa dogo na la kupimika: mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua maziwa bila kufukuzwa. Wakaweka waangalizi sokoni, na tukio likitokea likashughulikiwa siku ile ile. Soko liliposimama ndipo wakawaendea wazee, na 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah. Vijana wakaingia na kundi lao, na mwaka 1995 yote yakaunganishwa chini ya Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Kamati za amani za wilaya zilizoenea Kenya baadaye zilifuata mfano huo. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, alifariki 2011.

Jambo moja la kiufundi ambalo vikundi vya vijana vinaweza kulichukua leo: walipotafuta mzee wa kuitisha kikao cha wazee, walikwenda kwa ukoo mdogo, usio na uwezo wa kushinda vita ile. Kwa hiyo kwenye kikundi chenu, mwitishaji wa vikao asitoke kwenye jamii mbili kubwa zinazogombana. Tafuteni kijana wa jamii ya tatu, au fundi viatu pale stendi anayewatengenezea wote. Uenyekiti wa heshima wapeni wakubwa. Kuitisha kikao mwachieni huyo.

Kocha_wa_Eastlands

Nije kwenye mpira, kwa sababu wengi wanadhani ukitupa mpira katikati ya vijana umeleta amani. Mpira bila kanuni maalumu huongeza ugomvi: unapanga pande mbili, unaweka mshindi, unaita watazamaji.

Kuna mifano miwili iliyojaribiwa. Wa kwanza ni wetu wenyewe, MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanza 1987. Kwenye ligi yao ushindi ni pointi 3, na timu ikikamilisha usafi wa mtaa inapata pointi 6. Tazama hesabu hiyo. Timu yenye wachezaji dhaifu inaweza kuwa juu ya jedwali kwa majembe na toroli, na timu yenye vipaji haiwezi kudharau mtaro. Ukitaka kuiga, usiweke usafi pointi 1. Utakuwa umewaambia kwamba ni mapambo.

Wa pili ulianzia Medellín, Colombia, baada ya Andrés Escobar, mchezaji wa timu ya taifa, kuuawa mwaka 1994. Mechi ina sehemu tatu. Kwanza timu mbili zinakaa pamoja kukubaliana kanuni za siku hiyo, dakika 10. Kisha wanacheza, uwanja mdogo, watano kwa watano, bila refa. Mwisho wanakaa tena dakika 15 kugawana pointi za uungwana. Badala ya refa kuna wasuluhishi wawili nje ya mstari. Wanaangalia na kuandika, na huingia kati mambo yakikwama tu. Kule waliweka kanuni kwamba bao la kwanza la timu lifungwe na msichana, na bila hilo mabao ya wavulana hayahesabiki.

Yanayoharibika, kwa uzito wake:

Timu kupangwa kwa mitaa. Usifanye hivyo kwa miezi mitatu ya kwanza. Kata vitambaa vya rangi mbili, viweke kwenye mfuko, kila mtu achomoe. Timu zivunjwe kila wiki.

Zawadi ya fedha. Ukiweka mbuzi au shilingi, wiki ya fainali utaona mamluki kutoka nje ambao hawajui makubaliano yenu, na wao ndio wataanzisha ngumi. Zawadi iwe kitu cha kutumiwa na wote: nyavu za goli, au tangi la maji la shule.

Jezi zenye jina la mwanasiasa. Mwaka wa uchaguzi zikatae, hata kama mtacheza vifua wazi.

Rangi za vyama pia ziangalie kabla ya kununua vitambaa.

Upepo_wa_Molo

Kocha, ngumi zikishazuka? Refa hayupo.

Kocha_wa_Eastlands

Wasuluhishi wanaingia kwa miguu, bila kukimbia, mmoja kwa kila mpiganaji, na wanamgeuza kila mmoja atazame nje ya uwanja. Ukiwashika kutoka nyuma utapigwa wewe. Aliyezoea kuvamiwa hajui kama ni mkono wa kocha. Wachezaji wengine wote wachuchumae pale walipo. Hili lifanyieni mazoezi siku ya amani, mara tatu au nne, mpaka liwe la kawaida. Watazamaji ndio hatari kuliko wachezaji, kwa hiyo wasuluhishi wengine wawili kazi yao ni kamba ya pembeni tu.

Mechi haiendelei siku hiyo, ila kikao cha dakika 15 kinafanyika. Kukifuta ni kuwapeleka nyumbani na hadithi mbili tofauti.

Msikilizaji

Kocha, kabla hatujaenda mbali: filimbi. Waambie vijana kabla ya mazoezi itapigwaje na lini. Kwa baadhi yao filimbi na vishindo ndivyo vilivyokuwa ishara ya msako au uvamizi. Ukiona mtoto analala chini au anakimbia bila kuangalia nyuma, hajakosa nidhamu. Tumia mkono ulioinuliwa, au makofi yanayoanza polepole. Hivyo hivyo mlango usifungwe kwa kishindo, wala baluni zisipasuliwe kwenye sherehe.

Sasa upande wangu, kwa sababu hapa watu wenye nia njema huumiza wenzao.

Msiwaketishe vijana duara na kuwaambia kila mmoja asimulie mabaya aliyoyaona. Shirika la Afya Duniani linashauri dhidi ya kikao cha namna hiyo kwa watu waliotoka kupatwa na tukio. Wengine hurudi nyumbani hali ikiwa mbaya zaidi, na penye jamii mbili, simulizi ya mmoja ni tuhuma kwa kaka wa aliye mbele yake. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ina mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anatetemeka au hasemi. Sikiliza anachotaka kusema, usimchimbe. Unganisha na mtu au huduma: mzazi, muuguzi, au kwa mtoto Kenya piga 116, ambayo ni bure.

Mkitaka zoezi la pamoja, Mti wa Maisha linafaa. Mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, alilianzisha pamoja na David Denborough, kwa watoto waliopitia mengi. Kila mmoja anachora mti wake: mizizi ni alikotoka, ardhi ni maisha ya kila siku, shina ni anachojua kufanya, matawi ni matumaini, majani ni watu anaowathamini, matunda ni zawadi alizopewa na watu. Miti inabandikwa ukutani, ikawa msitu. Ndipo mnazungumzia dhoruba, na mnaizungumzia kama ya msitu wote. Tenga saa mbili na nusu, karatasi kubwa moja kwa kila mtu, kalamu za rangi kasha moja kwa watu wanne. Kosa ni kukimbilia dhoruba kwa sababu mfadhili yuko chumbani na anataka machozi. Mfadhili siku hiyo asiwepo, wala kamera.

Mpeleke kwa mtaalamu bila kusubiri ukiona haya: anazungumzia kujiua, halali siku nyingi mfululizo, anaona au kusikia vitu visivyokuwepo, au ameanza kunywa kila siku. Wiki moja kabla ya kufungua kikundi, nenda hospitali ya karibu uulize nani anashughulikia afya ya akili na yupo siku gani. Ukingoja mpaka umhitaji utamkuta yuko likizo.

Binti_Delta

Niweke la uvumi, maana ndilo linaloua vikundi ndani ya usiku mmoja.

Tana Delta, kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, Wapokomo na Waorma walipigana na zaidi ya watu 100 wakafa. Mzozo wenyewe ni wa zamani, malisho na mashamba na maji, lakini uvumi ulikuwa petroli. Baadaye ukaanzishwa mradi wa Una Hakika: mtu anatuma ujumbe wa simu kueleza alichosikia, kinaulizwa kwa watu wa kuaminika walioko pale pale, halafu jibu linarudi kwa aliyeuliza na kwa wengine wa eneo lile. Kikundi chenu kinaweza kufanya hivyo kwa daftari la shilingi hamsini.

Piga mistari ya safu sita: saa mliyosikia, maneno kama yalivyosemwa, bila kuyapamba, yametoka wapi, aliyekwenda kuhakikisha wa upande mmoja, aliyekwenda kuhakikisha wa upande wa pili, jibu limerudishwa kwa nani na saa ngapi. Safu ya mwisho ndiyo watu huiacha tupu. Anayeleta uvumi mara mbili asipate jibu, mara ya tatu atautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wake.

Wahakikishaji ni jozi, na kila mmoja anapiga simu kwa mtu aliyeona kwa macho yake. "Nimeambiwa na binamu" haihesabiki. Wakitofautiana, jibu ni "bado tunauliza, tutarudi saa kumi na mbili", na saa kumi na mbili mrudi kweli, hata kama hamna jipya.

Panga uvumi kwa madaraja matatu. La chini: masengenyo, andika tu. La kati: mifugo kupotea, mtu kupigwa, kisima kufungwa, jibu ndani ya saa 6. La juu: watu wamekusanyika wana silaha, au kuna taarifa ya shambulio usiku. Hapo msianze kuhakikisha. Waambieni wazee wa pande zote mbili na polisi mara moja, kisha mhakikishe. Vijana wasitumwe kwenda kuangalia kwa pikipiki usiku. Hata kama wanajitolea, kataa.

Na mnapokanusha, msiurudie uvumi wenyewe. Ukiandika "si kweli kwamba kijana wa kina fulani ameuawa", mtu atanakili nusu ya mwisho. Andika kilichopo: "Fulani yuko nyumbani kwao, ameonana na wazee leo saa tisa", kwa ruhusa yake.

MshikaDaftari

Sasa pesa, kama mwenye uzi alivyoahidi kwenye kichwa.

Posho kwanza. Shirika linakuja, linatoa nauli sawa kwa kila anayehudhuria, na kikundi cha 20 kinakuwa cha 45 ndani ya mwezi. Mradi ukiisha wanabaki 7, wote wa upande mmoja, kwa sababu upande wa pili ndio uliokuwa ukitoka mbali. Dawa: nauli ilipwe kwa umbali, kiwango kibandikwe ukutani, anayetembea dakika 15 hapati kitu na anajua kwa nini. Chai iwe ya wote. Kwa watu 24, unga wa ngano kilo 2 unatoa mandazi kama 50 ya wastani, mawili kila mmoja na mawili ya mpishi. Chai ipikiwe pale pale mbele ya watu, na wapishi wawe wawili, mmoja kila upande. Penye historia ya kushukiana sumu, chakula kilichofika kimefunikwa kitabaki kimefunikwa.

Akiba. Mfumo wa sanduku ulioanzia Niger mwaka 1991 na kuenea kila mahali unafaa mno hapa, kwa sababu haumtaki mtu amwamini mwenzake, unataka kufuli. Wanachama 15 hadi 25. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo kwa watu watatu wasio viongozi. Anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti mbele ya wote. Kila kikao mtu ananunua hisa 1 hadi 5, mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zake, mzunguko ni miezi 9 hadi 12, kisha mnagawana. Penye jamii mbili ongezeni hili: funguo tatu zisilale mtaa mmoja, na mwenye sanduku awe jirani wa polisi au zahanati.

Siku ya hatari ni ya kugawana. Kikao kiwe asubuhi, tarehe isitangazwe zaidi ya siku mbili kabla, na kila mwanachama aje na mtu wa kurudi naye. Mikopo yote ikusanywe wiki iliyotangulia, ili siku yenyewe asiwepo wa kudaiwa mbele za watu. Deni lisilolipwa la mtu wa upande A kwa kikundi husomwa mtaani kama deni la upande A kwa upande B. Ndiyo maana mkopo wa kwanza wa kila mtu uwe mdogo hata kama hisa zake zinaruhusu mkubwa.

Mwana_Kivu

Salamu toka ng'ambo ya ziwa. Naongeza kuhusu kudai haki, maana kikundi cha vijana hakiishii kwenye mpira na akiba. Siku moja watataka kuuliza kwa nini maji hayaji.

Goma, mwaka 2012, ndipo ilipozaliwa LUCHA, harakati ya vijana wa mji ambao tangu utoto hawakujua mwaka mzima wa utulivu. Walishika maji, ajira, barabara, na njia yao ikawa ya bila silaha. Uwazie: mji uko kandoni mwa Ziwa Kivu, na watu wanabeba madumu ya lita 20 kichwani toka ziwani. Maji hayana kabila. Hiyo ndiyo namna ya kuchagua dai la kwanza penye jamii nyingi. Liwe linaumiza kila kartie, yaani kila mtaa. Liwe na ofisi moja inayojulikana ya kujibu. Na liwe na sehemu ndogo inayoweza kupatikana ndani ya miezi mitatu, kwa mfano bomba moja kufunguliwa. Dai la ardhi msilianze nalo, hata kama ndilo zito. Ardhi ina wenyewe pande zote, na kikundi kichanga kitapasuka.

Uongozi: wao hawakuweka rais. Wengine huliona jambo hilo kama vurugu, lakini penye vita lina faida ya wazi: hakuna kichwa kimoja cha kununua, kufunga au kutisha. Gharama yake ni muda, maana uamuzi wa pamoja unachelewa. Mkitaka kuiga, gawaneni kazi badala ya vyeo: wa kuongea na ofisi, wa kuongea na redio, wa kufuatilia waliokamatwa, wa maji na chakula. Wabadilishane kila miezi miwili. Wa kufuatilia waliokamatwa asiende maandamanoni kabisa. Akae mbali na namba za mawakili na za familia zimeandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Na hili la MshikaDaftari kuhusu orodha, huku ni la uhai. Mji unaweza kubadilisha mikono kwa siku chache, kama Goma ilivyochukuliwa na waasi wa M23 Novemba 2012 na tena Januari 2025. Karatasi zenye majina, picha za kikao, makundi ya WhatsApp yenye jina la wazi: amueni mapema nani anafuta nini, kwa mpangilio gani, ishara ikitolewa. Dakika 20 zitoshe kumaliza.

Kisima_cha_Kaskazini

Mwenye uzi, kuna swali hatujaligusa. Tukio likitokea, mtu wa upande mmoja kauawa, kikundi kikutane au kisikutane? Msimamo wangu: kikutane mara moja, wote pamoja. Mkikaa siku tatu bila kuonana, kila upande utakuwa umezika kwa hadithi yake.

Mpanga_Viti

Kwa heshima, mzee, hapo natofautiana nawe kidogo. Siku ya kwanza ukiwaita pamoja unawalazimisha wafiwa kuwa wastaarabu mbele ya watu ambao ndugu zao wanashukiwa. Na njia, ambazo ndizo tulianza nazo, siku hiyo hazipitiki. Naona iwe hivi:

Saa ya kwanza, mti wa simu. Mwitishaji anapigia 3, kila mmoja wa hao anapigia 3, na hao 9 wanagawana 12 waliobaki. Watu 24 wamefikiwa bila yeyote kupiga simu zaidi ya tatu. Ujumbe ni mfupi: uko wapi, uko salama, usitoke, usisambaze.

Siku ya kwanza na ya pili, kila upande ukutane peke yake, kwa saa moja, na msuluhishi wa upande wa pili awepo kama wanamkubali. Msibani wanakwenda wawakilishi wawili wa upande wa pili, baada ya wazee kusema njia iko salama. Wanakaa, wanatoa pole, wanatoa mchango wa kikundi, wanaondoka mapema. Hotuba hakuna.

Siku ya tatu au ya nne, wote pamoja. Isizidi wiki moja. Hapo nakubaliana nawe kwamba kuchelewa ni kufa.

Kisima_cha_Kaskazini

Nakubali siku ya nne kuwa mwisho. Wiki ni nyingi mno. Na wanaokwenda msibani mmoja awe msichana au mama. Hupokewa kwa urahisi zaidi, na wanaume wenye hasira hujizuia.

Mpanga_Viti

Sawa mzee. Siku ya nne.

Upepo_wa_Molo

Nimeandika yote. La mwisho: kikao cha kwanza kabisa, saa mbili hizo, nizijaze na nini ikiwa si mazungumzo ya amani?

Mpanga_Viti

Dakika 20 za kufika, chai mkononi, bila ratiba. Dakika 15: waonyeshe milango, choo, maji, na nani ana funguo. Dakika 20: majina, na kila mtu ataje kitu kimoja anachojua kufanya kwa mikono: kusuka, kukamua, kuziba pancha, kuchomelea. Viandike ukutani. Dakika 40: kazi moja ya mikono inayoonekana ikiisha. Pakeni chokaa mistari ya uwanja, au tengenezeni benchi mbili: mbao, misumari ya inchi tatu robo kilo, misumeno miwili, nyundo tatu. Nyundo ziwe chache kuliko watu makusudi, ili mmoja ashike na mwingine apige. Dakika 15: kanuni tano tu, wazitaje wao, ziandikwe kwa maneno yao.

Dakika 10 za mwisho, kila mtu aseme anarudi kwa njia gani na pamoja na nani. Anayerudi peke yake mtafutie mwenza. Wewe baki hapo, simu ikiwa na chaji, mpaka wa mwisho atume ujumbe kwamba amefika.